Mwaka wangu wa kwanza na Subaru STI, Mbeya

Kila anayeliona gari langu kwa mara ya kwanza anauliza linakimbia ngapi. Hakuna hata mmoja aliyewahi kuniuliza linakunywa oili kiasi gani, na hilo ndilo swali lililonikosesha usingizi mwaka mzima.

Ni Subaru Impreza WRX STI ya 2004, toleo la Japani: injini ya boksa (pistoni zake zimelala ubavu) ya lita 2 yenye turbo, yaani feni inayoisukumia injini hewa zaidi, gia sita za mkono, nguvu za farasi 280 kwenye karatasi. Nililinunua Dar, mkononi mwa mtu, kwa milioni 27. Nilikuwa nimeweka akiba miaka minne, na mke wangu alininunia miezi miwili. Muuzaji alifungua boneti, akawasha, injini ikaanza kule kukoroma kwake, basi na akili zangu zikaniruka. Niliuliza habari za kadi, za tairi, za redio. Ya redio!

Nikaondoka Dar saa kumi alfajiri. Mikumi nilipita kwa 50 kama kibao kinavyotaka, maana mle hifadhini ukigonga mnyama unamlipia. Kitonga nilipanda gia ya pili nyuma ya foleni ya malori, sikuona faida ya turbo hata kidogo. Makambako nikasimama kunywa supu, na kwa sababu nilikuwa na muda, nikachomoa stiki ya kupimia oili. Nikaifuta kwa karatasi, nikaichomeka, nikaichomoa tena. Kavu. Nikadhani nimekosea. Nikarudia mara tatu, hadi mhudumu wa mgahawa akaja kuangalia ninachopigana nacho.

Nikanunua oili palepale. Lita nzima iliingia ndipo ncha ya stiki ikalowa, tena kwenye alama ya chini tu. Kati ya alama ya chini na ya juu kuna kama lita moja nyingine, na injini ile yote inabeba lita nne na kidogo. Piga hesabu mwenyewe nilikuwa nimetembea na nini kutoka Dar. Nikampigia muuzaji. "Turbo zote ziko hivyo kaka, ndiyo kawaida yake." Nilipopiga tena jioni, simu haikupokelewa, na haijapokelewa mpaka leo.

Kutoka Makambako mpaka Mbeya nilitembea 80. Igawa, Chimala, Igurusi, kila mahali napitwa. Pale Inyala Fuso lililojaa kreti za chupa tupu lilinipita likipiga honi, na utingo akanipungia mkono.

Fundi wangu ni mzee mmoja mwenye gereji nyuma ya Mwanjelwa. Hana maneno mengi. Aliweka sikio, akapiga resi mara mbili, akazima, akafungua mpira wa intakula, ile inayopoza hewa itokayo kwenye turbo. Kidole chake kilitoka kimelowa oili nyeusi. "Turbo yako inatema," akasema. "Lakini haikujiharibia yenyewe, mwanangu. Ngoja." Akaanza kufungua bomba dogo linalopeleka oili kwenye turbo. Ndani ya bolti yake mlikuwa na kichujio cha wavu, kidogo kama kifuniko cha kalamu. Akakigonga kwenye kiganja changu. Kilikuwa kimezibwa na masizi magumu, kama ukoko wa chini ya sufuria.

Ndipo aliponieleza, na hapa naandika kwa urefu kwa sababu laiti ningelijua mapema. Turbo huzunguka zaidi ya mara laki moja kwa dakika, na shafti yake inaelea juu ya oili tu. Ukitoka kulikimbiza gari, ukafika nyumbani ukazima hapo hapo, pampu ya oili inasimama wakati turbo bado inawaka moto. Oili iliyobaki mle inaungua. Ukifanya hivyo kila siku, na oili hubadilishi kwa wakati, masizi yanajikusanya, kichujio kinaziba, turbo inakosa oili, sili zinaachia. Mwenye gari wa kwanza alikuwa ameifanya hiyo kazi kwa bidii.

Turbo ilipelekwa Dar kwa basi kufanyiwa ukarabati. Wiki tatu. Laki tisa na nusu, ukijumlisha usafiri. Gari likakaa gereji limefunikwa turubai, mimi napanda bajaji kwenda kazini, na majirani wakaanza kuuliza kwa upole kama nimeliuza.

Liliporudi nikaweka utaratibu ambao sijauvunja. Stiki kila Jumamosi asubuhi, gari likiwa mahali tambarare na injini imepoa. Oili na filta kila kilomita 4,000, hata kama bado inaonekana safi. Chupa moja ya oili buti muda wote. Asubuhi za Juni na Julai, Mbeya ile ya baridi ya kutoa moshi mdomoni, sipandishi resi mpaka geji ya joto ipande na oili ipate muda wa kuwa nyepesi. Bima nilikata kubwa, hilo halina mjadala.

Utaratibu wa injini nilikuwa nao. Wa breki sikuwa nao.

Jumapili moja nikapanda barabara ya Chunya. Ukitoka mjini unapanda mfululizo, kona juu ya kona, misitu ya misindano, ukungu, mpaka mahali ambapo tambarare ya Usangu unaiona yote chini yako. Kwenye mpando nilielewa nililipia nini. Mbeya tuko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, hewa ni nyepesi, na injini isiyo na turbo inapoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda. Rafiki yangu na gari lake la lita 2 la kawaida alikuwa anahema nyuma yangu. Langu linachelewa kidogo kuamka kuliko kule Kyela, kwenye hewa nzito ya ziwani, lakini likiamka limeamka.

Tatizo likaja kwenye kurudi. Nilishuka na gia ya tano, nikitegemea zile breki kubwa za Brembo, nakanyaga kila kona. Kona ya sita au ya saba pedali ikazama. Haikuisha, ila ililainika kama nakanyaga ndizi mbivu. Nikarudisha gia ya tatu, ya pili, injini ikapiga kelele, nikafika pembeni. Harufu ilikuwa ya kitu kilichoungua, na moshi unatoka kwenye tairi za mbele. Nikachukua dumu la maji.

"Wee! Usimwagie!" Dereva wa bodaboda aliyekuwa amesimama na gunia la mkaa alinikimbilia. "Diski zitapasuka hizo. Kaa nazo tu zipoe." Akaangalia gari, akaniangalia mimi. "Kaka, malori yenyewe hapa yanashuka na gia ndogo."

Mafuta ya breki yalikuwa ya zamani. Yanavuta unyevu kadiri yanavyokaa, na yakipata joto maji yale yanachemka, unabaki unakanyaga mvuke. Fundi aliyatoa yakiwa rangi ya chai ya rangi. Nilibadilisha yote na pedi za mbele. Siku hizi mteremko wa Iwambi au Mlima Nyoka nashuka na gia ya tatu nyuma ya lori la Tunduma, na anayenipigia honi apite.

Tochi za trafiki za kupima mwendo zimenipata mara mbili, elfu thelathini kila moja. Ya kwanza nilistahili. Ya pili nilikuwa 58 kwenye 50, na nina hakika kama ningekuwa kwenye Noah nisingesimamishwa, lakini nililipa.

Kilichonichekesha zaidi ni Tukuyu, kwa mama. Mara ya kwanza nilipoingia uani aliacha kupepeta maharage, akasogea, akasikiliza. "Mwanangu, linaumwa? Mbona linakoroma?" Nikamwambia ndivyo lilivyo. Akasubiri nizime. Sizimi. Dakika inapita. "Sasa mbona huzimi, unaondoka?" Nikamjibu nililoweza kulijibu: "Linapumua kwanza, mama."

Mwezi uliopita nimeenda tena, nimembebea mchele wa Kyela. Watoto wa jirani walilizunguka gari, mmoja akachungulia lile tundu la kwenye boneti akauliza kama maji ya mvua hayaingii, mwingine akaniambia, "Anko, umesahau kuzima." Mama alikuwa anapokea mfuko. Hakugeuka.

"Muacheni," akasema. "Linapumua kwanza."