Nilimpeleka Baba kula nyama ya Jumapili

Baba yuko kwangu Swindon, Uingereza, kwa wiki tatu. Ana miaka 74, hajawahi kutoka Tanzania kabla ya safari hii, na kwa zaidi ya miaka 30 alikuwa na bucha kule Marangu. Tangu alipopata viza nilishaipanga siku moja: Jumapili tutapanda vilimani, halafu tutakula mchana kwenye baa ya kijijini, zile ambazo Waingereza wanaziita pabu.

Nilikuwa na sababu. Mwaka wangu wa kwanza hapa, 2014, nilikuwa wodini zamu za usiku, siku za mapumziko nakula mkate wa dukani peke yangu. Dada mmoja wa kazini akanichukua Jumapili ya Novemba hadi kwenye pabu ya kijijini kwao. Dari lilikuwa chini, kuni zinawaka, mbwa wa wateja wamelala chini ya meza. Ikaja nyama ya ng'ombe iliyookwa ikiwa bonge zima, imekatwa wakati huo huo, katikati bado ina wekundu. Viazi vilikuwa vimechemshwa kidogo kisha vikaokwa kwenye mafuta ya moto mpaka ganda likawa linavunjika ukikigusa kwa uma. Siku ile ndipo nilipojisikia nimekaribishwa katika nchi hii. Nilitaka Baba aone hicho.

Asubuhi tulikwenda Uffington kumwona Farasi Mweupe, mchoro wa chokaa kwenye mteremko wa kilima, urefu wake kama mita 110 na umri wake karibu miaka 3,000. Baba aliuliza swali moja tu: nani anampalilia? Nikamweleza kuwa watu hukusanyika kugongea chokaa mpya, wasipofanya hivyo majani yatamfunika. Akatikisa kichwa kwa heshima, akasimama kimya kitambo kirefu.

Saa saba na nusu tukawa mezani. Kwenye pabu unaagiza na kulipa kaunta, unataja namba ya meza yako. Nililipa pauni 22 kwa kila sahani. Nilimchukulia Baba bia ya kuvutwa kwa pampu ya mkono, isiyo ya baridi kali. Aliionja taratibu, akasema ina uchachu mdogo unaomkumbusha mbege. Bia ilikuwa nzuri kweli, naipa haki yake.

Halafu sahani zikaja.

Nyama ilikuwa vipande vitatu vyembamba, vyote vya unene mmoja, rangi ya kijivu mpaka ukingoni. Baba aliinua kimoja kwa uma akakielekeza dirishani. Juu yake kulikuwa na mng'aro wa kijani na zambarau, kama mafuta ya taa yanavyoelea kwenye maji. "Hii imekatwa kwa mashine, mama, ikiwa ya baridi," akasema kwa sauti ya chini. "Nyama ya moto haikatiki hivi." Akakirudisha kwenye mchuzi, ambao tayari ulikuwa umeanza kushika utando.

Ile Yorkshire pudding, kile kikombe cha unga, mayai na maziwa ambacho kinapaswa kufura kwenye mafuta yanayofuka moshi, ilikuwa ngumu kama ngozi ya kiatu. Viazi vilikuwa na ubaridi katikati. Karoti zilipondeka zenyewe.

Kijana aliyekuja kutuuliza kama kila kitu kiko sawa alikuwa na adabu, na nilimwuliza bila ukali nyama inaokwa saa ngapi. Akasema haiokwi hapo. Inaletwa imeshapikwa na kukatwa, wao wanaipasha. Sina ugomvi na yeye. Lakini kwenye ubao wa nje waliandika kwa chaki "nyama ya kuoka ya Jumapili", na watu wanatoka mbali na wazee wao kwa ajili ya maneno hayo. Kwetu nyama inapoliwa kila mtu anajua nani amechinja, na kipande gani ni cha nani. Nilimwahidi mzee wangu nyama iliyopikwa na mtu kwa ajili ya watu waliokaa hapo, akapewa iliyoletwa imeshapikwa kwenye mfuko.

Alimaliza yote. Mimi nilishindwa.

Jioni nilimsikia akiongea na Mama kwa simu. Akamsimulia farasi, akamsimulia bia. Mama akauliza chakula. "Tumekula vizuri, mtoto amehangaika sana," akasema, na nilibaki jikoni nimeshika sufuria mpaka akakata simu.

Anaondoka Jumanne ya wiki ijayo. Jumamosi tunakwenda bucha la mjini kununua kilo mbili na mfupa wake, na Jumapili nitaoka mwenyewe. Nilitaka kwenda peke yangu asubuhi mapema. Amekataa, anasema kipande atachagua yeye.