Usiku na Joe Keenan

Wiki hii nimerudi kwenye Frasier, kipindi cha vichekesho cha televisheni ya Marekani kuhusu Frasier Crane, daktari wa akili mwenye kipindi cha redio, lakini safari hii sikufuata mpangilio wa misimu. Nimefuata jina moja, jina linalopita upesi mwanzoni mwa episodi na ambalo wengi wetu hatulisomi: Joe Keenan, mmoja wa waandishi wake. Kila nilipoliona nilikaa vizuri kitini. Nimecheka hadi machozi yakanitoka, kisha nikarudisha nyuma kutazama yule mtu amefanyaje.

Frasier ilianza mwaka 1993 kwenye kituo cha televisheni cha NBC na ikaisha Mei 2004, misimu 11, episodi 264. Kwa miaka mitano mfululizo, kuanzia 1994 hadi 1998, ilitwaa tuzo ya Emmy ya kipindi bora cha vichekesho nchini Marekani. Iliandikwa na watu wengi, na baadhi yao walikuwa hodari mno. "Ham Radio" ya mwaka 1997, ile ya mchezo wa redio unaoharibika hewani, watu humpa Keenan sifa zake, kumbe ni kazi ya David Lloyd. Lakini ukitazama za Keenan mfululizo, unaanza kutambua mkono wake hata kabla hujaliona jina. Alijiunga na kipindi hicho katika msimu wa pili, akiwa tayari ameshachapisha riwaya mbili za kuchekesha, ya kwanza mwaka 1988. Nadhani uandishi wa riwaya ndio uliompa subira aliyo nayo. Haharakishi kukuchekesha. Kwanza anakupangia watu.

Episodi yake ya kwanza ni "The Matchmaker", ya Oktoba 1994. Kituo cha redio kimepata meneja mpya, Tom, kijana mtanashati na mwenye adabu. Frasier anamwalika nyumbani kwa chakula cha jioni ili amkutanishe na Daphne, mhudumu wa baba yake anayeishi nao, maana Daphne amekuwa mpweke. Tom anapenda wanaume wenzake, na anaamini aliyemwalika kwa mapenzi ni Frasier mwenyewe. Basi, ni hilo tu. Uongo haupo, hila haipo, wala hakuna mjinga hata mmoja katika chumba kile. Kuna mwaliko mmoja uliosikika kwa namna mbili, na tangu hapo kila sentensi ya kawaida inayotoka kinywani mwa Frasier inabeba maana ya pili ambayo yeye haisikii. Sisi tunaisikia. Tom anaisikia. Baadaye Niles, mdogo wake Frasier, naye anaisikia, na furaha inayomjaa usoni David Hyde Pierce, anayemwigiza, wakati huo inatosha kunifanya niitazame tena episodi nzima.

Ninachokipenda zaidi ni kwamba Tom hageuzwi kuwa kichekesho. Kwa televisheni ya mwaka 1994 ingekuwa rahisi sana kumcheka yeye. Keenan anamwacha awe mtu wa heshima aliyeelewa vibaya kwa sababu za msingi kabisa. Ukweli unapotoka, Frasier anasema hakuwahi kuwaza kwamba Tom ni mtu wa namna hiyo, na Tom anamjibu kwamba naye hakuwahi kuwaza kinyume chake kuhusu Frasier. Tunacheka, lakini pia tunamwonea huruma mgeni aliyekuja na matumaini yake.

Halafu kuna "The Two Mrs. Cranes", iliyofungua msimu wa nne Septemba 1996. Hapa uongo upo, tena unazaliwa na upole. Clive, mchumba wa zamani wa Daphne, amekuja kumtafuta. Daphne hataki kumvunja moyo, kwa hiyo anamwambia ameshaolewa, na mume anayepatikana karibu ni Niles. Kumbuka kwamba Niles amempenda Daphne kimya kimya tangu msimu wa kwanza. Kwa jioni moja anaruhusiwa kumshika mkono mbele za watu na kumwita mke wake. Roz, mtayarishaji wa kipindi cha redio cha Frasier, anaingia, naye inabidi awe Maris, mke wa Frasier katika hadithi hiyo. Martin, baba yao Frasier na Niles, polisi mstaafu, anapoona kila mtu amejipatia maisha mapya, anajitangaza kuwa aliwahi kuwa mwanaanga. Hakuna aliyemwomba! Lakini ndivyo Martin alivyo, na John Mahoney, anayemwigiza, analisema jambo hilo kwa utulivu wa mtu aliyelisubiri miaka mingi.

Nimeitazama hiyo nikijaribu kuelewa kwa nini haichoshi. Jibu nililopata ni kwamba kila mtu mle ndani anataka kitu kimoja tu, na kitu hicho unaweza kukisema kwa maneno matatu. Niles anamtaka Daphne. Daphne hataki kuumiza mtu, mpaka anapoona Clive amekuwa mwanamume wa kuvutia kuliko alivyomkumbuka, hapo na yeye anabadilika. Roz anamtaka Clive tangu dakika ya kwanza, huku akiwa "mke" wa mwingine. Mtazamaji halazimiki kukumbuka mambo mengi. Anakumbuka nani anamtaka nani, na uongo upi umeambiwa nani, kisha anasubiri mlango ufunguliwe.

Na milango ndiyo inayonileta kwenye "The Ski Lodge", ya Februari 1998. Wengi huitaja kuwa kilele cha kazi yake, na sina ubishi. Watu sita wamo ndani ya nyumba moja ya mapumziko mlimani kwenye theluji. Frasier anamtaka Annie, rafiki wa Daphne. Annie anamtaka Niles. Niles, kama kawaida, anamtaka Daphne. Daphne anamtaka Guy, mwalimu wa kuteleza kwenye theluji, Mfaransa. Guy anamtaka Niles. Katikati yao yuko Martin, masikio yameziba, anajibu maswali ambayo hakuyasikia sawasawa, na majibu yake ya ukarimu yanampa kila mtu tumaini lisilo lake.

Nusu ya kwanza haina kelele nyingi. Safari hii nimeitazama kwa makini kwa sababu nilitaka kuona kazi ya mikono. Keenan anatuonyesha vyumba, anatuonyesha nani analala wapi, anaacha masikio ya Martin yatajwe kama malalamiko ya kawaida ya mzee. Mwandishi mwenye wasiwasi angejaza dakika hizo vichekesho vya papo kwa papo asije akakimbiwa na watu. Yeye anaamini tutasubiri. Taa zinapozimwa na watu kuanza kunyatia vyumba vya wenzao, hatuhitaji kuelezwa lolote. Mlango ukifunguka tu, hadhira iliyo studioni inalipuka kabla mwigizaji hajatamka neno. Kipindi hicho kilirekodiwa mbele ya watazamaji, na unaona waigizaji wakilazimika kusubiri kicheko kitulie ndipo waendelee. Mwishoni, baada ya ukweli wote kumwagika sebuleni, Frasier anapiga hesabu ya tamaa zote zilizokuwa zikizunguka nyumba ile na kugundua kwamba hakuna hata moja iliyoelekezwa kwake. Sentensi hiyo ilikuwa imeandaliwa tangu mwanzo wa episodi, nasi hatukuiona ikija.

"The Seal Who Came to Dinner", ya msimu wa sita, inachekesha sana, ila nadhani nguvu yake iko kwenye mzoga wa sili anayenuka na kurudi ufukweni kila akitupwa, kuliko kwenye watu. Nikiitazama nacheka, kisha sibaki nayo. "The Doctor Is Out" ya mwaka 2003 ni bora kuliko inavyosemwa: Patrick Stewart ni mwongozaji maarufu wa opera anayemdhania Frasier kuwa mpenzi wake mpya, na Frasier, kwa kulewa sifa na mialiko ya wakubwa, hamsahihishi. Ni "The Matchmaker" iliyogeuzwa, miaka tisa baadaye. Mara ya kwanza hakujua. Mara hii anajua na ananyamaza, na hilo ni jambo zito zaidi kumhusu mtu.

Lakini ninayoipenda kuliko zote, ambayo ndiyo iliyonifanya nifungue ukurasa huu usiku wa leo, ni "Out with Dad" ya Februari 2000. Frasier amevutiwa na mwanamke huko opera, na mama wa mwanamke huyo, Helen, amevutiwa na Martin. Martin hataki, lakini hataki pia kumdhalilisha mama wa watu, kwa hiyo anasema yeye hupenda wanaume. Helen anapokea habari hizo kwa moyo mkunjufu kiasi cha kumletea Edward, mwanamume mpole wa rika lake kutoka katika familia yao. Martin angeweza kuumaliza uongo pale pale. Anauendeleza kwa ajili ya mwanawe, ili Frasier asimpoteze yule mwanamke, na akibanwa kabisa anamtaja Niles, mwanawe wa pili, kuwa ndiye mpenzi wake.

Mzee huyu, kwa misimu mingi kabla ya hapo, aliwaona wanawe kama watu wasioeleweka, na divai zao na opera zao. Usiku huo anakaa ndani ya ulimwengu wao akiwa amevaa uongo mgumu kuliko wote, halafu anamtendea Edward kwa staha kamili, bila mzaha, bila kuona haya. Mahoney haigizi mtu anayeigiza. Anamwangalia Edward kama mtu anayestahili jibu zuri, akilitafuta jibu hilo, na Keenan anampa muda wa kulitafuta.