Mhusika wa Kuchekwa

Usiku wa Jumamosi moja mwezi Juni, saa tisa kasoro, nilikaa barazani kwetu Ujiji na simu mkononi, nikimsubiri binti wa shangazi yangu anipigie kutoka New York, ambako ilikuwa saa mbili kasoro na jua lilikuwa halijazama. Kazi yake ni uuguzi, lakini ufundi wa kushona alioupata kwa mama yake pale Mwanga haujamtoka, na mwaka huu alijitolea kushona mavazi ya kikundi cha maigizo cha mtaani kwake, kilichoandaa mchezo kwa ajili ya Pride, yaani sherehe za watu wanaopenda wa jinsia yao. "Kaka, wewe si mtu wa jukwaa? Tazama hata nusu saa," aliniambia. Nilitazama mpaka mwisho.

Sherehe hizo hufanywa Juni kwa sababu usiku wa kuamkia tarehe 28 Juni 1969 polisi walivamia Stonewall Inn, baa ya watu hao katika jiji hilo hilo, wateja wake wakakataa kutawanyika, na mwaka uliofuata, siku kama hiyo, watu wakaandamana. Huku kwetu hakuna linalofanana na hilo, kwa kuwa kifungu cha 154 cha Kanuni ya Adhabu kinawahesabu wanaume wanaokutana kimwili kuwa wahalifu, na adhabu yake yaweza kufika kifungo cha maisha.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, hauna pazia, na waigizaji tisa, wengi wao wazee, walikaa kwenye viti vya kukunja wakisimulia kila mmoja kisa kilichompata mwenzake. Hapo niliinuka kidogo kitini, kwa maana hiyo ndiyo kanuni ya kikundi chetu cha maigizo pia: mwenye kisa haigizi kisa chake, ili asije akanyooshewa kidole sokoni kesho yake. Mzee mmoja, kwa kinywa cha mama aliyekaa pembeni yake, alieleza jinsi mwenzi wake alivyofariki kwa UKIMWI katika miaka ya 1980, na jinsi ndugu wa marehemu walivyomweka nyuma kabisa msibani na kumtambulisha kuwa ni jirani. Sisi tulianza kazi hii kwa michezo ya UKIMWI, ugonjwa ambao hapa nchini uligunduliwa kwanza Kagera mwaka 1983, na katika kila kijiji tulichokusanya visa tulikuta msiba ambao chanzo chake kilitajwa kwa jina jingine. Sikuhitaji kutafsiriwa neno "jirani".

Mbinu zenyewe hazikunishangaza. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 walimu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, akina Penina Muhando Mlama na Amandina Lihamba, walikwenda Malya, mkoani Mwanza, wakakaa na wanakijiji mpaka matatizo yao yakawa ngoma na maigizo. Mwaka 1998, baada ya mwanafunzi Matthew Shepard kuuawa huko Laramie, Marekani, kwa kuwa alipenda wanaume, kundi la Tectonic Theater Project lilikwenda katika mji huo, likahoji watu zaidi ya 200, kisha likaigiza maneno yao wenyewe.

Kilichoninyima usingizi ni mchezo wetu sisi. Kwa miaka mingi tumekuwa na mhusika mwanamume anayejifunga kanga, anayebana sauti na kukata kiuno. Hana kisa wala jina la ukoo, na kazi yake ni kujitokeza jukwaani pale mchezo unapolegea. Mimi ndiye niliyemwandika. Mwaka juzi, baada ya onyesho la Kibirizi, niliona watoto wakimfuata kijana mmoja mpakia dagaa, mpole wa sauti, wakimwita kwa jina la mhusika huyo mpaka alipoingia mtumbwini. Niliona, nikaendelea kufunga ngoma zangu. (Bibi yangu alimwita rafiki yake "shoga" maisha yake yote, kwa mapenzi matupu, sijui ni lini hasa neno hilo lilikwenda kuwa jiwe la kurushia watu.)

Wiki iliyopita mazoezini niliomba tumwondoe. Mwigizaji wake alinuna, akauliza watu watachekea wapi sasa. Mama mkubwa wa kikundi, ambaye kwa kawaida husema mwisho, alijibu kwamba wanaweza kumcheka mwenyekiti anayesinzia kwenye kikao chake mwenyewe. Tulijaribu mara mbili, na kusema kweli kicheko kilikuwa hafifu. Usingizi wa mwenyekiti bado unahitaji kazi. Sababu niliyowapa ni kwamba mhusika amechakaa, nami sikuthubutu kutaja usiku ule wa barazani. Mbalamwezi ikikomaa, wavuvi wa dagaa hupumzika na Kibirizi hujaa watu jioni, na hapo ndipo tutakapoupeleka mchezo. Kanga nimeirudisha kwa mke wangu, mwenye nayo.