Tulivyopata wadhamini wa timu yetu ya roboti huku Mbeya

Mi ni mwalimu wa fizikia hapa Mbeya na ndo mlezi wa klabu ya roboti, na walimu wenzangu wenye timu zao kila siku swali ni hilohilo, hela mnatoa wapi.

Matawi ya makampuni makubwa, mabenki, mitandao ya simu, barua peleka ila usikae unasubiri. Meneja wa tawi atakupokea vizuri tu, tatizo maamuzi yako makao makuu Dar. Nenda kwa yule ambae mwenye biashara ndo huyohuyo amekaa pale, wenye mashine za mpunga, maduka ya pembejeo, mabasi.

Wa kwanza kwetu alikuwa mzee mmoja mwenye mashine ya kukoboa mpunga kule Igurusi. Nilienda na wanafunzi wawili wa form three na kigari chetu cha Arduino (kibodi kidogo cha kompyuta cha kujifunzia), shikamoo, marahaba, mzee anakiangalia tu kinavyozunguka, akamuuliza binti, "Mwanangu, sasa mimi hiki kinanisaidia nini?" Binti wala hakubabaika, akafungua laptop akabadilisha kidogo maelekezo ya programu, akaigeuzia mlangoni ile sensa inayopima umbali kwa mawimbi ya sauti, akapita kuli na gunia begani, laptop ikaandika 1. Akapita mwingine, 2. Mzee akacheka mpaka akakaa, kumbe kila jioni anagombana na watu wa stoo juu ya hesabu ya magunia!

Hela sikuomba. Nilimpa proforma (karatasi ya bei kabla ya kununua) ya duka la vifaa Kariakoo, mota, drava zake za kuziendesha, betri za lithiamu na chaja, akalipa mwenyewe moja kwa moja dukani, risiti ya EFD (ile ya mashine ya kodi) kwa jina la biashara yake, mzigo ukaja na basi. Mfanyabiashara akisikia keshi mkononi mwa mwalimu anaanza kuwaza mengine (na simlaumu), alaf hela ikipitia shuleni nayo ina mlolongo wake. We hakikisha tu barua ina muhuri na sahihi ya mkuu wa shule.

Vifaa vilivyofika tukampelekea picha, jina la mashine yake limebandikwa ubavuni mwa kigari, akawa anawaonyesha wenzake, mmoja ana mabasi akatupa siti za kwenda Dar kwenye mashindano na kurudi.

Mzee kakubali kutudhamini awamu ya pili ila kwa sharti tukirekebishe kwanza kile kihesabio cha magunia, maana kuli akirudi mikono mitupu nae anahesabiwa gunia, vijana ndo wanahangaika nacho saivi.