Nilivyojipanga kulipwa na kuweka akiba kwa sarafu za kidijitali

Mimi ni mfasiri. Naishi Mombasa, na wateja wangu wengi wako Ulaya: studio ndogo za video zinazotaka maandishi ya Kiswahili chini ya picha. Kazi yenyewe naipenda. Malipo ndiyo yaliyokuwa yakinichosha. Ankara ya euro mia mbili ikilipwa benki kwa benki hupitia mabenki ya kati, kila moja ikakata chake, kisha benki ya hapa ikabadilisha kwa bei yake. Mpaka pesa inanifikia imenyofolewa kila upande na siku zimepita. Mwenye ankara kubwa haoni uchungu wa makato hayo. Zangu nyingi ni ndogo.

Mteja mmoja wa Uholanzi ndiye aliyeniuliza kama ningekubali kulipwa kwa sarafu za kidijitali, Bitcoin au USDT. Sikumjibu papo hapo. Nilitaka kwanza nijue ninapewa nini.

Nilianza na Bitcoin kwa kuwa ndiyo mama wa zote. Maelezo yake yalitolewa Oktoba 2008 na mtu, au watu, waliojiita Satoshi Nakamoto, na mtandao wenyewe ukaanza kufanya kazi Januari 2009. Mama yangu aliponiuliza, "Sasa mwanangu, hizo pesa ziko wapi?" nilimwambia afikirie daftari la duka la mtaani, ila badala ya kukaa chini ya meza ya mwenye duka, kila mteja anayo nakala yake, na hakuna mstari unaoongezwa mpaka nakala zote zikubaliane. Kila baada ya dakika kumi hivi ukurasa mpya wa miamala unafungwa na kushikizwa kwenye uliotangulia. Mtu akitaka kufuta deni la juzi itabidi aandike upya kurasa zote zilizofuata, mbele ya macho ya watu wote. Mama akasema, "Basi hapo hakuna wa kuniandikia sukari ambayo sikuchukua." Alikuwa amelielewa jambo kuliko wengi wanaonitumia video za kripto.

Lililonivuta zaidi ni ukomo wake. Bitcoin haitazidi milioni 21. Wanaofunga zile kurasa, ambao huitwa wachimbaji, hulipwa sarafu mpya, na malipo hayo hukatwa nusu takriban kila miaka minne: yalianza 50 kwa kila ukurasa mwaka 2009, na tangu Aprili 2024 ni 3.125. Hakuna waziri wala gavana anayeweza kuamka asubuhi akaongeza. Kwa mtu anayelipwa kwa kazi ya mikono na macho yake, hilo ni jambo kubwa. Saa zangu za kazi siwezi kuzizidisha, kwa nini nizihifadhi katika kitu ambacho mwingine anaweza kukizidisha apendavyo?

Pwani yetu ina kisa chake katika hili. Katikati ya karne ya 19, wafanyabiashara wa Hamburg walikuwa wakipakia kauri, yale makombe madogo ya baharini, kwa meli kutoka Zanzibar kuzipeleka Afrika Magharibi, ambako zilikuwa fedha kamili za sokoni. Huku zilikuwa za bei ya chini, kule zilinunua mawese. Zikamwagwa nyingi mno hata thamani yake ikaporomoka, na aliyekuwa ameweka jasho lake kwenye magunia ya kauri akabaki na magunia. Fedha ilikuwa yake. Ufunguo wa wingi wake ulikuwa kwa mtu mwingine, mwenye meli. Kila nikitafakari faida ya sarafu yenye ukomo, kisa hicho hunijia kabla ya chati yoyote.

Lakini ukomo hauleti utulivu. Novemba 2021 Bitcoin moja ilikaribia dola 69,000. Mwaka mmoja baadaye ilikuwa chini ya dola 16,000. Desemba 2024 ikavuka 100,000. Huwezi kupanga kodi ya nyumba juu ya kitu kinachopanda na kushuka hivyo. Hapo ndipo nilipogawa mambo mawili ambayo watu huyachanganya: pesa ya kupitisha malipo, na pesa ya kuweka.

Ya kupitisha, kwangu, ni USDT, sarafu iliyofungwa na dola: moja kwa dola moja. Mteja anatuma, ndani ya dakika chache iko kwangu, iwe Jumapili au sikukuu. Ila siiweki muda mrefu, na nina sababu. Kwanza, kampuni inayoitoa ina uwezo wa kuizuia anwani yoyote, yaani ule mfuatano wa herufi na namba unaopokelea sarafu, kwa hiyo yule mwenye meli bado yupo. Pili, sarafu hizi zilizofungwa na dola zenyewe hujikwaa: TerraUSD ilianguka kabisa Mei 2022, na USDC, ambayo ina akiba halisi nyuma yake, ilishuka hadi karibu senti 88 Machi 2023 benki moja ya Marekani iliyokuwa na sehemu ya akiba hiyo ilipofilisika. Tatu, dola nayo si mwamba kwa anayetumia shilingi. Januari 2024 dola ilikuwa karibu shilingi 160 za Kenya. Kufikia katikati ya mwaka ilikuwa kama 130. Aliyekumbatia dola miezi ile alipoteza karibu moja ya tano ya uwezo wake wa kununua unga hapa nyumbani.

Kupokea kuna adabu zake. Anwani ya Bitcoin ya siku hizi huanza na bc1, ya mtandao wa Tron huanza na T, ya Ethereum na 0x. USDT hupita kwenye Tron na pia kwenye Ethereum, na mteja akituma kupitia mtandao ambao pochi yako, yaani programu ya kushikia sarafu, haiutambui, pesa inaweza kupotea bila wa kumlalamikia. Kwa hiyo kwenye ankara naandika jina la mtandao kwa herufi kubwa, naomba kiasi kidogo cha majaribio kwanza, kikifika ndipo zilizobaki zije. Anwani siichapi kwa mkono hata siku moja; nainakili, kisha nalinganisha herufi za mwanzo na za mwisho, maana kuna virusi vinavyobadilisha anwani uliyonakili.

Kuifanya shilingi, natumia soko la mtu kwa mtu, linaloitwa P2P. Naweka tangazo la kuuza. Mnunuzi akilikubali, jukwaa linazishika sarafu zangu kama amana. Yeye ananitumia M-Pesa. Nikithibitisha, amana inafunguliwa. Mazuri yake ni kwamba bei unaiona mwenyewe na pesa inaingia simuni. Hatari yake iko kwa watu. Jina linalotokea kwenye M-Pesa lazima liwe lile lile la akaunti ya mnunuzi. Likiwa tofauti, nakataa muamala, maana huenda pesa ni ya mtu aliyeibiwa, na polisi watafuata nyayo mpaka kwangu. Ujumbe wa malipo unaweza kughushiwa, kwa hiyo naangalia salio na si ujumbe. Kuna pia wanaolipa kisha wakapeleka ujumbe kwa 456, namba ya Safaricom ya kurudishia pesa, kudai walikosea namba ili pesa irudishwe. Ndiyo maana nachagua wanunuzi waliokwisha kukamilisha miamala mingi na wanaosifiwa na wenzao, na pesa ikiingia naihamishia benki mara moja.

Kuhusu vyombo vya biashara, nitasema wazi ninavyoona: vingi vimetengenezwa ili uguse guse, kwa sababu kila ukigusa jukwaa linapata ada. Ukifungua soko unakutana na chati za mishumaa, mistari ya wastani, vipimo vya kila rangi, na kando yake kitabu cha oda kinachoonyesha nani anataka kununua kwa bei gani na nani anauza. Katika vyote hivyo, kitabu cha oda ndicho kilichonifaa. Ukitoa oda ya soko, unanunua kwa bei yoyote iliyopo wakati huo, na palipo na wauzaji wachache unaweza kupanda ngazi kadhaa za bei bila kujua. Oda ya bei maalum ni kinyume chake: unasema utalipa kiasi hiki na si zaidi, unaondoka, soko likifika hapo inakamilika. Ni kama kumwachia mchuuzi bei yako, tofauti tu ni kwamba huyu hakubembelezi. Kila malipo yakiingia, sehemu ya kumi nainunulia Bitcoin kwa oda ya bei maalum, bei iwe juu au chini. Sitafuti siku nzuri. Miaka ya bei ya chini inaninunulia nyingi, ya bei ya juu inaninunulia chache.

Biashara ya kukopeshwa sijaigusa. Jukwaa likikukopesha mara kumi ya mtaji wako, bei ikienda kinyume nawe kwa asilimia 10 tu, mtaji umekwisha, na Bitcoin inaweza kutembea asilimia 10 kati ya Isha na Alfajiri. Makundi ya Telegram yanayouza "ishara" za kununua nayo nimeyaacha. Mtu mwenye siri ya kutajirika hana haja ya ada yangu ya mwezi.

Kwetu huku swali la dini haliepukiki, wala sikutaka kuliepuka. Nilimwendea ustadh wa msikiti wetu. Aliniambia wanazuoni wamehitilafiana: Dar al-Ifta, taasisi ya fatwa ya Misri, ilitoa fatwa ya kuipinga Bitcoin mapema 2018 kwa sababu ya kutojulikana na hatari zake, na wengine wanaihesabu kuwa mali kama mali nyingine. Akanishauri nijiepushe na mikopo yenye riba na ile michezo ya kubahatisha bei, na nilichonacho nikitolee zaka. Hivyo ndivyo ninavyofanya: mwaka ukitimia naangalia thamani yake kwa shilingi, naijumlisha na akiba nyingine, natoa asilimia 2.5. Zaka hiyo imenifanya niijue akiba yangu vizuri kuliko programu yoyote.

Sheria nayo imebadilika njiani. Benki Kuu ya Kenya ilitoa onyo Desemba 2015 kwamba sarafu hizi si fedha halali na hakuna wa kukulinda. Kisha Septemba 2023 ikaja kodi ya asilimia 3 juu ya thamani nzima ya mali ya kidijitali inayohamishwa, upate faida au usipate, na mimi niliiona haina haki. Mwaka 2025 iliondolewa, ikawekwa ushuru wa asilimia 10 juu ya ada za majukwaa, na mwaka huo huo tukapata sheria ya kuwapa leseni watoa huduma, chini ya Benki Kuu na Mamlaka ya Masoko ya Mitaji. Wenzetu Tanzania walianza na tangazo la Benki Kuu yao Novemba 2019 la kukataza, kisha mwaka 2024 ikaja kodi ya zuio ya asilimia 3. Mimi natunza jedwali: tarehe, kiasi, bei ya siku ile kwa shilingi, aliyenilipa. Mapato ya tafsiri ni mapato, yawe yamekuja kwa njia gani, na mhasibu wangu anayaona yote.

Akiba siiachi sokoni. Mt. Gox, soko la Bitcoin la Japani, lilianguka Februari 2014 na Bitcoin zipatazo 850,000, nyingi zikiwa za wateja, hazikuonekana. FTX, soko jingine, ikafilisika Novemba 2022, na mwanzilishi wake akahukumiwa miaka 25 jela mwaka 2024. Waliopoteza walikuwa na namba kwenye skrini. Sarafu zilikuwa mikononi mwa mwingine. Pochi yangu inafunguliwa kwa maneno 12 yaliyochaguliwa na mashine kutoka orodha ya maneno 2,048. Nimeyaandika kwa wino kwenye karatasi mbili zilizo nyumba mbili tofauti. Hayajapigwa picha, hayajatumwa WhatsApp, hayako kwenye barua pepe. Anayeyapata amepata pesa. Asiyekuwa nayo, hata awe mwanangu wa kumzaa, hana kitu.

Hilo la mwisho ndilo lililonisumbua zaidi ya bei zote. Nikifa leo, benki itawasikiliza warithi wangu wakija na hati. Bitcoin haisikilizi hati. Kwa hiyo nilimwita mdogo wangu, tukakaa na simu ya zamani isiyokuwa na kitu, nikamwambia aweke pochi mpya na kuandika maneno mwenyewe, neno baada ya neno, kwa mpangilio wake. Tulitumia pochi ndogo niliyoifungua kwa zoezi hilo tu. Salio lilipotokea aliniuliza, "Ndiyo imekwisha, dada?" Nikamwambia tufute tuanze tena, mpaka aweze bila mimi kumwelekeza.

Karatasi za akiba yenyewe anajua ziko nyumba zipi, na walio katika nyumba hizo wanajua wampe nani na lini. Kwenye wasia nimeiorodhesha pamoja na kiwanja na dhahabu, nikaandika kwamba madeni yalipwe kwanza, kisha thamani iliyobaki igawanywe kwa mafungu ya mirathi kama mali nyingine yoyote.