Mwenyewe si hataki kionekane?

Tangu Jumapili kuna sentensi ya askari mmoja inanizunguka kichwani kama wimbo wa matatu. Leo ni Ijumaa, ofisi nzima imetoka kula, nami naitua hapa.

Mnajua nilikuwa wapi. Arboretum, ile bustani ya miti ya Nairobi, tena. Waliosoma ya mwezi wa nne watakumbuka nilivyoapa kwamba jiokeshi (vile vikebe watu wanavyoficha, wengine wakavitafuta kwa nambari za mahali na simu) za katikati ya mji nimeachana nazo, nibaki na za msitu wa Karura ambako mtu anaweza kutambaa bila kuulizwa. Sikuwaambia sababu. Sababu ni kikebe kimoja. (Shemeji bado anadhani nikisema "keshi" nazungumzia pesa, na kwamba ipo siku nitamkumbuka.)

Basi Jumapili Tasha yuko kwa shosho yake, Baba Tasha ameshuka Mombasa kuanza ile kazi, nyumba imenyamaza mpaka friji inasikika. Nikasema leo ni leo.

Kwenye ukurasa wake kikebe hiki hakitishi mtu. Ugumu 2 kati ya 5, ukubwa ni kile kidude cha filamu za kamera za zamani, na dokezo ni la maneno mawili: "Keti kidogo." Nikaketi. Nikaipapasa ile benchi chini yote na kupata chingamu za vizazi vitatu. Kisha nikafanya yale yote ninayowahubiria wageni wa mchezo huu. Simu nikailaza juu ya benchi dakika tano itulie, maana chini ya miti mikubwa mawimbi ya setilaiti hugongagonga matawi kwanza, na mshale unayumba kama mlevi wa mwisho wa mwezi. Nikaendea mahali penyewe kutoka pande tatu, nione njia zinakutana wapi. Zikakutana kwenye mti, hatua nne nyuma ya benchi. Hapo nikaiweka simu mfukoni. Mita kumi za mwisho ni za macho na vidole. Tarakimu ya mwisho ya zile nambari za mahali peke yake ni karibu mita mbili, na aliyeficha naye siku ile simu yake ilikuwa na ulevi wake.

Arboretum ilianzishwa mwaka 1907 kujaribu miti ya kulisha garimoshi kuni, kwa hiyo kuna miti ya kila aina, na kila gome lina mashimo yake. Mti wangu ulikuwa na mizizi kama vidole vya mzee. Nikapiga magoti, nikaingiza mkono penye kila uwazi nikimwomba Mungu asiweke nyoka. Na Jumapili pale, mnajua, kila kichaka kina mwombaji wake. Mama mmoja wa kilemba akaja kusimama nyuma yangu, akaninyooshea mkono. "Bwana akujibu, mamangu." Nikasema amina. Ningesema nini?

Dakika ya arobaini ndipo alipokuja askari. Mzee hivi, koti la kijani, rungu kwapani.

"Mama, kuna kitu umepoteza?"

"Hapana, mzee. Natafuta kitu kimefichwa."

"Kimefichwa na nani?"

"Hata simjui."

Akautazama mti, akanitazama magoti. Hakuwa na dharau, na hiyo ndiyo inayoniuma.

"Sasa kama kimefichwa, mwenyewe si hataki kionekane?"

Nikacheka kile kicheko tunachowachekea watu wenye rungu. Akaongeza neno huku akiondoka. Mimi nilikuwa najipangusa udongo. Nikarudi nyumbani bila kikebe na bila jibu.

Jumatatu nikapata jibu, ndani ya matatu, siku moja baada ya kuhitajika. Mzee, ningemwambia, hawa huficha ili watafutwe. Tarehe 2 Mei 2000 Marekani iliacha kuvuruga makusudi mawimbi ya setilaiti zake, ambayo awali yaliweza kukukosesha mahali kwa kama mita mia. Kesho yake Dave Ulmer, aliyeanzisha mchezo huu, akaacha ndoo porini huko Oregon, ndani yake mkiwemo manati na kopo la maharagwe, akatangaza nambari za mahali kwenye intaneti watu waende wakaione. Jibu zuri. Nikaliona linafaa kumpa askari usingizi.

Jumanne nikapata bora zaidi. Tasha akiwa na miaka minne alijificha kabatini, wageni wakaingia, tukamsahau. Alitoka analia, na si kwa sababu ya giza. Hilo mzee angelielewa, ana wajukuu, lazima.

Jumatano (kesi ya shamba imeahirishwa tena, msiniulize) nilikuwa nasugua sufuria ya ugali, namrudia yule mzee kwa mara ya mia, ndipo nikasikia lile neno la mwisho aliloliacha akienda.

"Hata wale wengine waliniambia hivyo hivyo."

Wale wengine?

Nikafuta mikono, nikafungua ukurasa. Aliyekipata mwisho ni wa Oktoba mwaka jana. Baada yake hakuna kitu. Hakuna hata kile kiuso cha buluu kilichonuna, cha kusema nilifika nikakosa. Mimi ule ukimya niliusoma vingine kabisa: kwamba kipo, ila watu hawajapita. Kumbe watu wamepita, wamepapasa chingamu zilezile, wamekwenda zao kimya. Na mmoja wao, wa mwezi wa nne, ni mimi. Wasifu wangu una viuso vya manjano, vya kusema nimepata, 61 na vya buluu viwili tu, na ninyi mnaonifahamu mnajua hesabu hiyo imepakwa poda.

Nikaandika yote mawili usiku huohuo, la Aprili kwa tarehe yake na la Jumapili. Nimetafuta wapi, kwa muda gani, mti gani, na benchi ya saruji chini hadi juu.

Asubuhi mwenye kikebe alikuwa ameshajibu. "Benchi ya SARUJI? Mimi nilificha kwa ya mbao! Asante sana, nilidhani kimesahaulika. Jumamosi nakwenda kuangalia."

Nimeisoma mara nyingi kuliko ya askari. Nilicheka peke yangu pale kituoni mpaka dada mmoja akasogeza mkoba wake. Tasha, kwenye simu, akasema kwa nini tusiweke chetu tu tumalize maneno. Nikamwambia hapana: cha zamani kikiwa bado kipo mahali, vitakuwa viwili, na kila mtu atakuwa amepata kisichotafutwa. Akasema mama, unapenda shida. Hiyo kaichukua kwa shosho yake, neno kwa neno.

Jumamosi nitapita, sitakwenda karibu. Nataka tu kumwona yule mzee akimuuliza mwenyewe.

Ila sasa nimekumbuka kitu. Asubuhi maji yalikuwa yamekatika, nikafungua bomba la jikoni kujaribu, likakoroma tu, nikashika mkoba nikatoka. Sikumbuki kulifunga. Jirani ameandika kwenye grupu ya ploti sasa hivi kwamba maji yamerudi, na Mama Njeri wa chini yangu bado hajanisamehe ile ya Februari.