Ribiti Kwenye Friza: Nilivyotengeneza Bawa la Harvard

Ushauri wa kwanza niliopewa juu ya ndege za zamani ulitoka kwa jamaa anayeng'arisha magari ya kale. "Hiyo ni bati tu," aliniambia. "Chukua brashi ya waya, kwaruza mpaka ing'ae, piga rangi, kwisha." Nikamwamini, maana magari yake kweli yanang'aa. Baada ya miezi minne sehemu yote niliyokwaruza ilikuwa na vidoa vya kahawia kama uso wa mtoto mwenye tetekuwanga. Brashi ya chuma huacha chembe zake ndani ya aluminiamu. Unyevu ukifika, metali hizo mbili huanza kulana, na inayoliwa ni aluminiamu. Nilirudia kazi yote kwa sifongo za nailoni na msasa laini, majira mawili ya baridi, huku nikimlaani yule jamaa kila Jumamosi.

Mimi ni Mkenya, naishi Uingereza, na riziki yangu ni kuendesha basi. Jumamosi naenda kwenye banda moja katika kiwanja cha ndege kilichokuwa cha jeshi, ambako wazee kadhaa na mimi tunafufua ndege ya zamani iitwayo Harvard. Haitaruka. Tunataka tu isimame kwa heshima mbele ya watu. Ni ndege ya kufundishia marubani, viti viwili kimoja nyuma ya kingine, injini ya silinda tisa zilizopangwa duara, nguvu ya farasi 600. Bawa lake la kushoto lilikuja likiwa na viota vya ndege, hawa wenye manyoya, na kutu nyeupe ya unga ambayo ukiigusa kwa kidole inabaki shimo.

Nyumbani hawakufurahi niliposema ni Harvard. Nyanya yangu ni wa Nyeri. Mwaka 1953, wakati wa vita vya Mau Mau, Waingereza walileta Harvard kutoka Rhodesia Kusini, wakazifunga mabomu madogo ya kilo tisa hivi, zikawa zinaruka kutoka kiwanja cha Mweiga kwenda kupiga msitu wa Nyandarua. Yeye alikuwa msichana mdogo. Ndege hii ina kelele yake ya pekee: propela inazungushwa moja kwa moja na injini, bila giaboksi katikati, kwa hiyo wakati wa kupaa ncha zake hukaribia kasi ya sauti na kutoa mlio kama kitambaa kikubwa kinachopasuliwa. Nilimrekodia Harvard nyingine, nzima, ikipaa kwenye maonyesho, nikatuma kwa simu ya shangazi. Shangazi anasema Cucu, yaani nyanya, alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Mwambie aizime." Hii yetu haikufika Kenya, nimemweleza hivyo zaidi ya mara moja. Hajaniuliza tena juu yake, na mimi sikuacha.

Haya, bawa. Kulifungua ni bolti na nati nyingi tu, sina la kusema hapo. Piga picha kila kitu kabla hujakigusa. Na usiweke alama kwa penseli ya seremala! Ule wino mkavu mweusi wa penseli, grafiti, unafanya kazi ileile ya uharibifu kama brashi ya waya. Mimi nilichora ubao mzima wa aluminiamu mpya, mistari imenyooka safi, nikamwita Mzee aje aone. Mzee huyu alikuwa fundi wa ndege jeshini tangu ujana wake. Alitazama, akachukua kitambaa na spiriti, akafuta yote bila kusema neno, akanipa kalamu ya wino. Ubao ule peke yake ulikuwa umenigharimu pauni mia na ushee.

Kilichonitoa jasho hasa ni ribiti, zile pini fupi zenye kichwa zinazobana bati: unaipitisha tunduni, unaigonga, na mwisho wake wa upande wa pili unatandaa kuwa mdomo. Nyingi kwenye ndege hii ni za kawaida, zina kidimbwi katikati ya kichwa, unazichukua mkebeni na kuzigonga. Lakini karibu na mhimili wa bawa tulitoa nyingine zenye vistari viwili vidogo vilivyoinuka kichwani. Hizo ni ngumu zaidi, na huwezi kuzigonga zilivyo. Unaziweka kwenye tanuri karibu digrii 500, unazizamisha papo hapo kwenye maji baridi, na hapo zinalainika kwa muda mfupi tu. Dakika kumi, ukibahatika ishirini, zinaanza kukomaa tena zenyewe, hapo mezani, bila kuguswa na mtu. Kinachozizuia ni baridi kali. Tanuri tulikuwa nalo. Friza ya banda ilikuwa imekufa tangu mwaka juzi.

Nikajitolea. "Nyumbani nina friza kubwa," nikasema, kifua mbele. Zilipotoka majini nikazikausha, nikazitia kwenye mkebe wa peremende, mkebe mfukoni, nikaendesha dakika ishirini na tano kwenda nyumbani. Nikazilaza kati ya githeri na samaki. Mama watoto akauliza ni nini, nikamwambia ni dawa ya ndege. Jumamosi iliyofuata nikarudi nazo, mfukoni tena, nikashika nyundo ya upepo, mwenzangu akakinga kwa chuma upande wa pili, tukaanza. Ya kwanza ikapasuka mdomo. Ya pili ikapasuka. Tukabadilisha shinikizo la upepo, tukabadilisha nyundo, tukabadilishana nafasi, tukalaumiana. Zilipofika kumi na tisa, zote zimechanika ukingoni kama mandazi yaliyozidi hamira, Mzee akaja na kikombe chake.

"Zimekaa wapi?"

"Kwenye friza, Mzee. Wiki nzima."

"Na kabla ya friza?"

Nikaonyesha mfuko wa suruali.

Alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Mimi nilikuwa naamini kuwa friza inazilainisha. Kumbe friza hailainishi chochote, inazikawiza tu zisikomae. Ribiti zangu zilikuwa zimeshakomaa kwenye mzunguko wa pili wa barabara, mfukoni mwangu, na joto la paja likisaidia. Nilichokuwa nimegandisha wiki nzima ni kokoto. Kuzitoa zile kumi na tisa kwa drili bila kupanua matundu kulinimalizia siku mbili, na kila niliyoitoa kuna mtu alipita akaniuliza habari ya githeri.

Mbinu iliyotuokoa ni yangu, na naisema bila haya. Wauza aiskrimu wa zamani waligandisha kwa barafu na chumvi, kwa sababu chumvi inaishusha barafu chini kabisa ya sifuri. Basi nikachukua chupa ya chai ya nyumbani, ile kubwa yenye maua, nikaijaza barafu iliyopondwa na chumvi ya mawe, mkebe wa ribiti umefungwa vizuri na kuzamishwa katikati. Zikitoka majini, kitambaa, mkebe, chupa, hazipati nafasi hata ya kupumua. Nyumbani zinaingia friza, kurudi ni kwa chupa ileile. Bandani tunachukua tano tano, kifuniko kinarudi. Ya kwanza ilipogongwa mdomo wake ulitandaa duara, laini kama kitufe cha kanzu. Nilipiga kelele mpaka wazee wakadhani nimejikata.

Tulimaliza safu ile kwa Jumamosi sita. Gharama sijui niseme ngapi. Ribiti zenyewe si ghali, drili nilivunja nyingi, na mama watoto alidai friza yake mwenyewe, ambayo siihesabu kwenye hesabu za ndege ingawa yeye anaihesabu. Pasi yake pia imehamia bandani, maana kitambaa cha usukani wa mkia hukazwa kwa pasi ya nguo, joto dogo kwanza halafu kubwa zaidi. Usukani huo ndio kazi ya sasa.

Siku ya kufunga ribiti ya mwisho Mzee alipitisha kidole gumba juu ya safu nzima, kutoka mhimili mpaka ukingo, polepole, akirudi nyuma mara mbili. Hakusifu. Alisema tunywe chai, akaikamata chupa yenye maua iliyokuwa juu ya benchi, ambayo nilikuwa nimeisuuza asubuhi na kuijaza chai ya maziwa kwa ajili ya sherehe, akajimiminia kikombe na kupiga funda kubwa.

Nilikuwa sijaisuuza vya kutosha.